Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Ingia ukumbi wowote mkubwa wa Dar es Salaam Ijumaa usiku, kampuni fulani ikiwa imewaalika wateja wake. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe wa dhahabu mgongoni. Taa za zambarau zinamulika kuta kutoka chini. Mlangoni kuna ukuta wa maua ya plastiki wa kupigia picha, mbele kuna keki ya ngazi tatu, na MC mwenye koti la kumetameta anawauliza wageni kama wako poa. Wakijibu kwa sauti ndogo, anauliza tena. Ondoa bango lenye nembo na hutajua kama uko kwa watu wa bima, kwa wauza mbolea au kwenye sendofu ya binti wa Mbezi Beach. Ni harusi kabisa, ila bibi harusi hajaja.

Simlaumu mtu. Biashara ya hafla katika jiji hili imelelewa na harusi. Kamati na vikao vyake, michango, kicheni pati, sendofu: hizo ndizo zilizonunua viti na majukwaa tunayokodisha, zikawakuza wapambaji na wapishi, zikawapa MC majina. Kampuni inapokuja na LPO yake, yaani hati ya kuagiza huduma, inakuta stoo imejaa vyombo vya harusi. Mpambaji anabadilisha rangi ya utepe ifanane na nembo, anapiga picha za Instagram, kazi imekwisha. Mimi mwenyewe, ambaye sasa napanga hafla za kampuni, nimetokea hukohuko, kwenye kumbi za Sinza na Tabata, na hakuna chuo ambacho kingenifundisha kukadiria sufuria za pilau kwa kuangalia tu watu wanavyoingia. Lakini harusi ina kitu kimoja ambacho kampuni haina: kila aliyeingia anajua amekuja kumtazama nani. Mgeni wa kampuni amekuja kwa sababu ametumiwa kadi, na akilini ana foleni ya kurudi nayo nyumbani. Usipomwonyesha mapema yuko kwa nani, atakula, atapiga picha, ataondoka, na Jumatatu atawaambia wenzake alikuwa "kwenye kishughuli fulani pale hotelini".

Ndiyo maana mteja akinipigia simu, naomba kikao cha kwanza kisifanyike kwenye chumba cha mikutano. Naomba nipelekwe kazini kwao: karakana, kaunta, ghala, popote kampuni inapochafua mikono. Watu wa masoko huwa hawafurahii. Wao wana picha tayari kwenye simu, meza za vioo na vinara virefu vya hafla iliyofanyika Dubai, na wanachotaka kujua ni kama nitaweza au sitaweza. Nitaweza. Nikiuliza kwa nini kampuni ya Buguruni ifanane na hoteli ya Dubai, ndipo kimya kinapoingia.

Kampuni moja ya kusafirisha mizigo, yadi yao iko Kurasini, ilitaka jioni ya kuadhimisha miaka yao ya kazi. Maagizo yalikuwa "nyeusi na dhahabu, kitu cha kifahari". Nikaenda yadini asubuhi. Malori yanatoka, utingo wanakaza maturubai, moshi na vumbi. Ofisini ukutani kulikuwa na ubao wa chaki, mpana kuliko mlango, na mama mmoja wa makamo alikuwa anaandika kila gari liko mpaka upi: Tunduma, Kasumulu, Rusumo, Kabanga, Mutukula. Simu inalia, anafuta, anaandika. Kompyuta zipo, magari yote yanafuatiliwa kwa setilaiti, na bado kila aliyeingia, kuanzia mkurugenzi, aliangalia ubao kwanza. Kazi yangu ya ubunifu niliimaliza pale pale, kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya hafla mama yule alisimama mlangoni, amependeza, chaki mkononi, pembeni yake ubao mpya uliotengenezwa na fundi wa Keko. Mgeni akifika anaulizwa jina, anaandikwa chini ya mpaka wake. Meza hazikuwa na namba, zilikuwa na majina ya mipaka. Vitambaa vilikuwa vya rangi ya turubai, na nembo ya kampuni ilikaa juu ya ubao tu, pale inapokaa hata ofisini. Wageni wa kutoka Zambia na Kongo tuliwaweka meza ya Tunduma. Chakula kilipochelewa kidogo kuwafikia, mmoja wao akasema wala hashangai, Tunduma foleni ni jambo la kawaida. Meza nzima ikacheka, na meza za jirani zikataka kujua kuna nini. Hicho kicheko huwezi kukinunua kwa mpambaji.

Mvutano ulikuwa kwenye meza kuu. Mvutano huwa uko hapo siku zote. Kwetu shughuli isiyo na mgeni rasmi haijakamilika, na mgeni rasmi lazima akae juu, awatazame wengine, mbele yake chupa za maji na shada la maua linaloficha nusu ya uso wake. Halafu zinakuja salamu. Kila msemaji anamtambua kila aliyetambuliwa na msemaji aliyemtangulia, mpaka atokee muungwana mmoja aseme "itifaki imezingatiwa" na ukumbi mzima umshukuru kimoyomoyo. Itifaki naiheshimu. Mtu mzima aliyekuja na dereva wake na msaidizi wake hawezi kuachwa akitafuta kiti. Ila meza kuu inasema jambo kuhusu kampuni kwa sauti kubwa kuliko hotuba yoyote: inaonyesha nani mkubwa hapa. Nikamwambia mkurugenzi nataka madereva wakae mbele.

"Sasa dada yangu, mgeni rasmi atakaa wapi?"

"Katikati yao, bosi."

Alikaa kimya, akazungusha kalamu, akasema atanipigia. Alinipigia baada ya siku kadhaa na sharti moja: madereva waje na wake zao, kwa sababu hao ndio waliolala peke yao miaka yote hiyo. Sharti hilo mimi sikuwa nimelifikiria, na lilikuwa bora kuliko wazo langu.

Usiku ule MC alimpa kipaza sauti dereva mkongwe kuliko wote. Mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa." Watu wakaangua kicheko. Kisha akaeleza namna ya kushuka mlima Kitonga ukiwa umebeba shaba kutoka Zambia. Gia nzito unaichagua ukiwa bado juu, alisema, kabla gari halijaanza kushuka. Ukishaanza kushuka ndipo unaitafuta, umeshachelewa, na breki zikipata moto hazina rafiki. Alionyesha kwa mkono namna anavyoupanga mguu. Watu wa bima, watu wa benki, wateja wenye mizigo yao, wote walimtazama bila kugusa sahani. Kampuni ile ilikuwa na filamu fupi ya kujitangaza, imetengenezwa kwa gharama, droni na muziki wa kupandisha hisia. Ilioneshwa baada ya mzee kukaa. Watu wakaanza kuchat.

Najua siyo kila kampuni ina madereva. Benki ina nini? Benki ina foleni, ina mlinzi anayejua majina ya wateja wa kijiweni kwake, ina mawakala kwenye vibanda vya mtaani. Kampuni ya simu ina vijana wa miavuli. Kila mahali kuna kitu ambacho wenyewe wamekizoea hata hawakioni tena, na mara nyingi ndicho kitu pekee ambacho mshindani hawezi kukiiga.

Kuhusu rangi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wa nje wanaoleta miongozo ya chapa kutoka makao makuu wanapoteleza. Dar es Salaam rangi zina wenyewe. Kijani na njano ni Yanga, na ni CCM. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Kampuni ya pembejeo inaweza kuwa na sababu zake nzuri za kilimo za kuchagua kijani na njano, lakini ijaze ukumbi rangi hizo wiki ya watani wa jadi, au mwaka wa uchaguzi, uone. Mgeni anasimama mlangoni anauliza kwa sauti kama kadi za uanachama zinatolewa hapa. Utani tu, ila usiku mzima utakuwa wa utani huo.

Tena rangi na majina hubadilika mikononi mwa wenye nazo. Vodacom tuliyoizoea ya bluu iligeuka nyekundu mwaka 2011. Laini ya Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, mtu hajabadilisha hata namba. Mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas, na mpaka leo kuna watu wazima na akili zao wanaosema "nitumie kwa Tigo Pesa". Ukiijenga hafla yako yote juu ya rangi, umeijenga juu ya kitu ambacho makao makuu yanaweza kukipaka upya kesho. Mimi rangi ya kampuni huiweka sehemu moja tu ambapo mkono wa mgeni utaigusa, kitambaa cha kufutia mikono kwa mfano, au uzi uliofungia menyu. Mahali pengine pote naacha mbao, vitambaa vya asili na mwanga wa kawaida unaowafanya watu waonekane watu. Taa za zambarau hazijawahi kumpendeza mtu mweusi yeyote, na sielewi nani alituanzishia.

Ukitaka kuona utambulisho uliokamilika, nenda Simba Day. Simba wameifanya tangu 2009, na Yanga nao wana siku yao ya Mwananchi. Hakuna anayehitaji bango la kumwambia yuko wapi. Watu wanatoka Gongo la Mboto na Bunju wakiwa wameshavaa, wanaimba ndani ya daladala, wanafika uwanjani shughuli ikiwa ilishaanza nyumbani kwao. Sisemi hafla ya kampuni iwe na matarumbeta. Nasema klabu hizi zinajua siri moja: shabiki amepewa kazi ya kufanya. Avae, aimbe, amzomee mtani. Mgeni wa kampuni yeye hupewa kiti na kuambiwa apige makofi. Kwa hiyo kwenye ratiba yangu kuna mstari unaouliza mgeni atafanya nini kwa mikono yake kabla ya chakula. Kampuni ya kahawa iliwapa wageni buni mbichi wakaange wenyewe kwenye vikaango vidogo, na mwisho wakanywa waliyoikaanga, hata iliyoungua. Watu wazima walishindana kama watoto.

Halafu kuna mahali. Ukumbi una historia yake kabla hujafika na mapambo yako. Karimjee ilikaliwa na Bunge, na watu wengi wa jiji hili wanaikumbuka kwa foleni za kuaga viongozi. Ni jengo zuri sana, lakini sitaipeleka huko hafla ya kuzindua kinywaji cha vijana. Kituo cha mikutano cha Julius Nyerere kina sauti ya serikali: ukiingia pale unanyoosha mgongo bila kuambiwa. Diamond Jubilee pale Upanga jina lake linatoka kwenye jubilei ya Aga Khan wa tatu, kiongozi wa Waismailia, aliyepimwa uzito kwa almasi hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1946. Nikiwa na mteja mbishi huwa namsimulia hiyo. Mzani mmoja, mtu mmoja, almasi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, na fedha za jubilei ile zikawa chimbuko la taasisi ambayo leo ni Diamond Trust Bank.

Wengi siku hizi wanataka ufukweni, na wanataka jua likizama baharini nyuma ya jukwaa. Inabidi niwakumbushe jiografia. Bahari yetu iko mashariki. Kigamboni, Kunduchi, Coco, jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya migongo ya wageni, upande wa maegesho. Anayetaka kuliona likizama majini aende upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, pale Slipway na majirani zake, na aanze mapema: mwaka mzima jua letu linatua kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na giza haliombi hodi. Ukiandika saa 12 kwenye kadi, kwa tabia zetu, jua limeshapotea wewe bado unapokea wageni. Andika saa 10 na nusu, uwape madafu na mihogo ya kukaanga, waache wazungumze.

Na maji. Siku za bamvua, mwezi mpya au mwezi mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hujaa mnamo saa 10, alfajiri na jioni. Mteja akiniambia anataka usiku wa mbalamwezi mchangani, namwonyesha jedwali la maji kabla hajamaliza sentensi, maana mwezi anaoutaka ndio unaoleta bahari mpaka miguuni pa meza saa ileile mafundi wanapofunga spika. Kuanzia Juni kuna kusi, upepo wa kutoka kusini, ambayo inapenda mabango kuliko mtu yeyote wa masoko: inayachukua yote. Machi mpaka Mei sipangi nje kabisa, hata mteja alie.

Mengine ni ya lazima na hayana utamu. Jenereta iwe imewashwa na kujaribiwa kabla wageni hawajafika, isisubiri umeme ukatike. Muziki una kibali chake na haki za wasanii zake, sauti usiku ina sheria zake, droni haitoki kwenye begi bila ruhusa. Bei ya hoteli uliyotajiwa kwenye simu uulize kama VAT ya asilimia 18 imo au bado. Basi.

Zawadi, hapo nina neno. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 tumepona angalau ile mifuko iliyokuwa ikipasuka mlangoni, na vikapu vya ukindu vimepata soko. Ndani ya kikapu ndiko kwenye shida. Kalamu, kombe la chai, shajara, vyote vimepigwa nembo. Kampuni ikitaka kujitutumua inatengeneza kanga, na hapo ndipo ninapolia. Kanga ina pindo la kuizunguka, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yake. Wanachukua mji mzima wanaweka nembo kubwa kama sinia, na kwenye jina wanaandika kaulimbiu iliyotoka kwenye kikao cha bodi. Hakuna mwanamke wa mjini atakayeivaa kwenda msibani wala kwenye maulidi. Itakwenda jikoni.

Kwa wale wa malori tulikwenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, tukakaa na wauzaji wanaojua kanga ipi inatembea na ipi inalala dukani. Nembo ikaingia kwenye pindo, imejificha katikati ya michoro ya korosho, lazima uitafute. Kwenye mji tukaweka gurudumu moja. Jina lilisumbua. Mkurugenzi alitaka lenye neno "huduma". Dada mmoja muuzaji, akiwa anakunja doti wala hatutazami, akasema, "Andikeni POLEPOLE YANGU IMENIFIKISHA." Mkurugenzi akacheka mpaka akakaa. Inamhusu dereva, na inamhusu mwanamke yeyote mwenye jirani wa kumtupia kijembe. Wake za madereva waligawana doti usiku uleule, na nimeshaiona kanga ile kwenye shughuli ambazo kampuni hiyo haina habari nazo.

Kuna kundi moja ambalo huwa halimo kwenye kikao chochote cha chapa: mabinti wa mapokezi, vijana wanaobeba trei, mafundi wa taa. Wao wanaiona kampuni usiku mzima kwa mgongo, wakati wageni wanaiona kwa uso. Nimefanya kazi na kampuni, sitaitaja, iliyoandika kwa herufi kubwa jukwaani kwamba inamjali mtu kwanza. Mabinti walisimama kwa viatu virefu kuanzia saa 9 mchana bila kupewa hata chai, wakaachiwa saa 7 usiku daladala zikiwa zimelala, na fedha zao zikaja baada ya miezi. Kila mmoja wao ana simu, ana ndugu, ana akaunti ya benki ambayo angeweza kuihamishia popote. Sasa kwenye mkataba wangu kuna kipengele kinachosema wahudumu wote wanakula kabla ya wageni, wanalipwa kwa simu usiku uleule kabla hawajavua sare, na basi la kuwarudisha nyumbani limo kwenye bajeti kama lilivyo jukwaa. Wapo wateja wanaokikata kipengele hicho kwa kalamu nyekundu. Huwa nawarudishia mkataba kama ulivyo, pamoja na namba za wapambaji wa harusi wazuri ninaowafahamu.